Simu haina miguu!

 

Najua mmeninunia. Tangu likizo iishe sijaandika kitu hapa, wengine mmefikia hatua ya kuniuliza kama nimedisco. Sijadisco jamani, nipo, nasoma, baridi ya Iringa inanipiga kama kawaida. Nilikuwa nimeamua kukaa kimya mpaka test ziishe. Lakini kilichotokea Jumamosi iliyopita kimenishinda, nisipokisema nitapasuka.

Kisa chenyewe hiki hapa.

Jumamosi alfajiri nilikimbia na klabu yetu ya jogingi hapa chuoni. Tulipita Gangilonga, tukashuka mpaka kule chini Ipogolo karibu na mto Ruaha Mdogo, tukapumua kidogo, tukaanza kupanda kurudi mjini. Mliowahi kuupanda ule mlima kwa miguu mnajua ninachosema. Ule mlima hata daladala zinaupanda zikilia. Nikafika chuoni ulimi nje, saa yangu ya mkononi inasoma kilometa 11.4. Nikaenda kwa kaka mmoja kiongozi, yeye ndiye mwenye daftari la kilometa za kila mtu, nikamwonyesha mkono.

Akaangalia saa. Akaniangalia mimi. Akauliza simu iko wapi. Nikamwambia nimeiacha bwenini. Kaka wa watu akacheka, akawaita na wenzake waje wacheke, kisha akasema mbele ya watu wote: "Dada, saa haina laini, haina bando, na simu umeiacha kitandani. Hizo kilometa imezitoa wapi? Imeota?"

Akaniandikia sifuri.

Mtu mzima nimepanda mlima wa Ipogolo kwa miguu yangu miwili niliyopewa na Mungu, halafu naandikiwa sifuri! Na waliokuwa nyuma yangu, wengine walipanda nusu ya mlima wakadandia bodaboda (nimewaona, msijifiche), wao wameandikiwa kilometa zao zote kwa sababu simu zilikuwa mfukoni na skrinishoti zimetumwa kwenye grupu.

Sheria ya klabu inasema hivi: asiyetuma skrinishoti yenye ramani kabla ya saa tatu asubuhi, hajakimbia. Hajakimbia! Hata kama jasho linamtiririka mbele yako.

Leo nataka niseme wazi, wanaochukia wachukie. Sheria hii ni ya kijinga, imetungwa na watu wasiojua saa inafanya kazi vipi, inawaumiza wasio na hela, na inawaweka dada zenu hatarini. Nitayathibitisha yote, kaeni mkao wa kusoma.

Tuanze na hilo la saa kuota.

Kaka zangu, GPS siyo intaneti. Rudieni mara tatu. Kuna satelaiti za Wamarekani zaidi ya 30 zinaizunguka dunia kwenye kimo cha kilometa kama 20,200. Kazi yao kubwa ni kutangaza: kila moja inatuma ishara yenye saa kamili na mahali ilipo. Kifaa chako kikizisikia angalau nne kwa mpigo, kinapiga hesabu ishara ya kila moja imechukua muda gani kufika, na kutokana na hapo kinajua kiko wapi. Kinarudia hivyo hivyo unavyokwenda, mara nyingi kila sekunde, kinaunganisha nukta, unapata umbali. Ndio hivyo tu. Warusi wana zao zinaitwa GLONASS, Ulaya wana Galileo, Wachina wana BeiDou, na saa nyingi za siku hizi zinasikiliza zaidi ya kundi moja.

Sasa angalieni neno nililotumia: kusikiliza. Babu yangu kule Uyole ana redio yake ya betri, kila jioni anasikiliza taarifa ya habari akiwa amekaa kibarazani. Je, redio ya babu ina bando? Ina laini? Mtangazaji wa Dar es Salaam anajua kuwa babu anamsikiliza? Hajui, na hamtozi senti. GPS ni hivyo hivyo. Saa yenye kipokezi chake cha GPS ndani inasikiliza angani, haimwombi mtu ruhusa, haijali kama simu yako iko mfukoni, bwenini au imeibiwa. Inahifadhi mbio zako ndani yake. Ukirudi chumbani unaiunganisha na simu kwa Bluetooth, ramani yote inahamia kwenye simu, mpaka ile kona uliyokata.

Yaani hata hiyo ramani yenu mnayoililia ningeweza kuwaletea dakika kumi baadaye! Nilimwambia kaka yule hivyo. Akasema "hiyo umeitengeneza bwenini". Haya.

Msidhani nawatetea wauza saa. Na wao wana kesi ya kujibu, na hapa ndipo hela zenu za bumu zinapotea, hivyo someni vizuri.

Mwaka jana, kabla kaka yangu hajanipa hii saa (ya mtumba, mkanda umekatika nimeufunga kwa uzi wa viatu, lakini inapiga kazi), nilinunua saa janja yangu ya kwanza pale Mbeya, eneo la Mwanjelwa. Elfu 55. Boksi limeandikwa GPS kwa herufi kubwa kama jina la mgombea. Muuzaji akaniapia kwa marehemu bibi yake kwamba inapima kilometa yenyewe. Nikalipa. Kwa hela ya chakula na malazi ya mkopo, elfu kumi kwa siku, mwenzenu nilivaa mkononi siku tano na nusu za kula.

Nimefika Iringa nikaanza kukimbia, namba zikawa hazieleweki. Nikasema ngoja niipime mimi kama ninavyopimwa na walimu wangu. Nikaazima tepu ya fundi mmoja anayejenga jirani na chuo, mimi na rumeti wangu tukaupima uwanja wa mpira: urefu mita 105, upana mita 68. Kuuzunguka mara moja kwa kufuata mistari ni mita 346. Nikazunguka mara kumi, simu nimeiacha chumbani. Hesabu ya darasa la tatu: mita 3,460. Saa ikasema kilometa 2.85. Imeninyima zaidi ya nusu kilometa mchana kweupe!

Nikaenda nayo Ipogolo. Nikaanzia chini kwenye alama niliyoichagua, nikapanda mpaka kona fulani juu: saa ikasema kilometa 2.6. Nikageuka, nikashuka njia ile ile mpaka alama ile ile: ikasema 1.55. Sasa nielezeni wadau. Barabara moja, kupanda ni ndefu, kushuka ni fupi. Usiku ule nilicheka peke yangu mpaka rumeti akaniuliza kama nina malaria.

Nilipochimba nikaelewa. Ile saa haikuwa na GPS yake. Kilichoandikwa kwenye boksi maana yake ni kwamba inaazima GPS ya simu, yaani simu iwe jirani nayo na zimeunganishwa. Ukiiacha simu, saa inabaki inahesabu hatua kwa kuangalia mkono unavyorushwa, halafu inazidisha na urefu wa hatua ilioukisia kutokana na kimo changu nilichoandika siku ya kwanza. Mimi ni mfupi, basi ikanikadiria hatua fupi ya mtembeaji. Nikikimbia uwanjani napiga hatua ndefu kuliko makisio, inaninyima. Nikipanda mlima nimechoka napiga hatua za kinyonga, hatua zinakuwa nyingi, inanizidishia. Nikishuka nachapa mwendo, inaninyima tena. Kwa mtu wa Dar pale ufukweni tambarare labda makosa hayo asingeyaona. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini, ambao kutoka bwenini kwenda kantini ni kupanda na kushuka, saa ya namna hiyo ni msanii tu.

Na si hivyo tu. Nilifua mashuka mawili nimeivaa, ikanipa hatua zaidi ya elfu moja. Nikabeba ndoo ya maji kupandisha ghorofani, mkono umetulia kwenye ndoo, ikanipa hatua chache mno. Kwa akili ya ile saa, kufua ni mazoezi na kubeba maji ni kupumzika. Aliyeitengeneza hajawahi kukaa hosteli!

Hivyo kaka kiongozi angeniuliza kwa adabu, "dada, saa yako ina GPS yake au inakisia hatua?", ningempa mkono. Hilo ndilo swali la mtu mwenye akili. Lakini yeye hakuuliza hilo. Yeye anadhani kilometa zinakaa kwenye bando.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela yako, fanya hivi hapo hapo dukani. Zima Bluetooth ya simu. Toka nje mahali penye anga wazi, washa zoezi la kukimbia kwenye saa. Saa yenye GPS yake itakuonyesha inatafuta satelaiti, itachukua muda, itakuambia tayari. Isiyo nayo itakuomba uunganishe simu, au itaanza kuhesabu papo hapo bila kutafuta chochote, kama mwanafunzi anayejibu swali kabla halijaisha. Muuzaji akikataa utoke nje na saa, mwachie saa yake.

Na ukishaipata ya kweli, usiwe na haraka nayo. Taarifa za njia ya kila satelaiti zinarudiwa kila baada ya sekunde 30, na ratiba kamili ya kundi zima inachukua dakika 12 na nusu kupokelewa. Saa iliyokuwa karibu na simu jana yake huwa imeshapewa taarifa hizo mapema, inashika haraka. Iliyokaa wiki nzima kwenye droo itakusimamisha. Basi simama! Toka katikati ya maghorofa, toka chini ya mikaratusi, nyoosha misuli, subiri ikuambie tayari ndipo uanze. Wengi mnaolalamika saa zimekula kilometa ya kwanza, mmeanza kukimbia saa haijajua iko bara gani.

Haya, hayo ni ya vifaa. Sasa nije kwenye linaloniuma.

Sifuri yangu mimi naweza kuimeza. Mimi nina saa, nina simu, na nina kijiwe hiki cha kulalamikia. Lakini kuna mdogo wetu mmoja, mwaka wa kwanza, simtaji jina, anatoka kijiji cha mbali huko juu kwenye baridi. Huyu binti ana kitochi. Hana saa. Raba zake zimeshonwa. Nimekimbia naye tangu muhula uanze na sijawahi kumwona mgongo wangu, kila siku mimi ndiye nauona mgongo wake. Tukifika chini Ipogolo sisi tunashika viuno, yeye anauliza "tunarudi?" Hana hata jasho la maana.

Mwezi ujao klabu inapeleka watu kumi kwenye mbio Mbeya. Nauli inalipwa, ada ya kushiriki inalipwa, chakula kinalipwa. Kutoka Iringa mpaka Mbeya ni kilometa zaidi ya 300, mwanafunzi asiye na kitu hawezi kujipeleka. Majina yamebandikwa Jumapili. Wamechukua kumi wenye kilometa nyingi kwenye daftari.

Yule binti ana kilometa sifuri. Muhula mzima, sifuri.

Nilimkuta amesimama mbele ya lile tangazo, anasoma kama mtu anayetafuta namba yake kwenye matokeo. Aliponiona akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa: "Dada, kwani mimi nilikuwa nakimbia na nani?"

Sikuwa na jibu. Mnalo nyie viongozi?

Na katika hao kumi wapo watatu ambao sijawahi kuwaona wakimaliza mlima. Simu zao ndizo zilimaliza, juu ya bodaboda. Mmechagua simu kumi zenda Mbeya! Siku ya mbio mtazifunga namba kifuani?

Wengine mtasema, "dada unatetea ya zamani, dunia imeendelea, bila ushahidi wa kidijitali hakuna rekodi." Ngoja niwakumbushe rekodi ni kitu gani.

Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Filbert Bayi alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Alitoka mbele tangu mwanzo na hakushikwa. Mwaka uliofuata, Mei 1975, akavunja na rekodi ya dunia ya maili moja kule Kingston, Jamaika. Satelaiti ya kwanza ya GPS ilikuwa haijarushwa hata moja! Mita 1500 zilijulikana ni 1500 kwa sababu uwanja ulipimwa, mizunguko ikahesabiwa, na watu wazima wakashika saa. Mwaka 1989 Juma Ikangaa alishinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Nani alimwomba ramani?

Mtasema hao ni wa zamani. Sawa, tuje jana tu. Septemba 15, 2025, Tokyo, Alphonce Simbu amekuwa Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha. Mlioangalia mnakumbuka, yeye na Mjerumani Amanal Petros waliingia pamoja, wote wakaandikiwa saa 2:09:48, kamera ya kwenye mstari ndiyo ikaamua kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kamera ya kwenye mstari. Hakuna aliyeenda kumwambia Simbu afungue simu aonyeshe kama kweli kazifikisha 42.195.

Na hizo 42.195 zenyewe hazipimwi kwa GPS. Njia za marathoni zinazotambuliwa kimataifa zinapimwa kwa baiskeli! Baiskeli maalumu yenye kihesabio gurudumuni, imejaribiwa kwanza kwenye umbali unaojulikana, inafuata njia fupi kabisa ambayo mkimbiaji anaweza kupita, na inaongezwa mita moja kwa kila kilometa ili njia isije ikapungua. Ndiyo maana ukimaliza nusu marathoni saa yako inasoma 21.3 badala ya 21.1, halafu unaanza kugombana na waandaaji. Wewe ndiye uliyezunguka kona kwa nje na kuyumba kufuata maji, na saa nayo ina makosa yake ya mita kadhaa kila nukta. Kwa hiyo hata saa yangu hii ninayoitetea siyo msahafu. Ni kadirio zuri. Simu yenu nayo ni kadirio, tena ikiwa inarukaruka mfukoni. Makadirio mawili, moja mmelipa heshima zote, lingine mmelicheka.

Sasa la usalama, na hapa kaka zangu naomba msinikatize.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Mbeya. Alfajiri moja nakimbia, simu mkononi kwa sababu ya kilometa hizi hizi za daftari. Pikipiki ikapita polepole, waliokuwa juu wawili, wa nyuma akanyoosha mkono, simu ikaenda. Niliburutwa kidogo, kiganja kilichubuka, kovu ninalo. Notisi zangu za muhula mzima zilikuwa mle. Tangu siku ile simu yangu hailioni giza. Sasa nyie mnaniambia ili nionekane nimekimbia, nibebe tena taa ya kuitia wezi?

Kingine ni hizo ramani. Mnatutaka tutume kwenye grupu lenye watu zaidi ya mia mbili, nusu hatuwajui, ramani inayoonyesha nimeanzia mlango gani, saa ngapi, nimepita kichochoro gani, na narudia njia hiyo kila Jumanne na Alhamisi. Mnajua mnachokiomba? Novemba 2017 Strava walitoa ramani ya dunia ya mbio za watumiaji wao. Ilipofika Januari 2018 watu wakagundua kwamba kambi za jeshi la Marekani zinaonekana humo, kwa sababu askari walikuwa wanakimbia na vifaa vyao wakizunguka kambi. Jeshi lenye bunduki lilianikwa na jogingi! Mimi binti wa mwaka wa pili, silaha yangu ni filimbi, ndio nianike njia yangu ya alfajiri kwa watu mia mbili?

Rumeti wangu nilipomsomea haya akanipinga, na ana haki, kwa hiyo naliweka hapa. Amesema: "Mwenzangu, mimi simu nabeba kwa sababu nikipata shida nimpigie nani bila simu?" Kweli kabisa. Ukianguka, ukifuatwa, saa yenye GPS haiiti mtu. Hilo silikatai na wala simwambii msichana yeyote aache simu kama inampa amani. Lakini tutenganishe mambo. Simu ya kuombea msaada ni kitu kimoja, simu ya kuhesabia kilometa ni kitu kingine. Ya kuombea msaada hata kitochi kinatosha, kimefichwa ndani ya soksi au kwenye mfuko wa zipu, hakihitaji kuwaka njia nzima. Na bora kuliko simu ni wenzako: tukimbie watatu watatu, mtu wa mwisho asiachwe, na bwenini abaki anayejua tumepita wapi na turudi saa ngapi. Klabu ingeweka nguvu hapo badala ya kukagua skrinishoti, ningeisifu hapa hapa.

Mimi na yeye tumekubaliana hivyo: anayetaka kubeba abebe, asiyetaka asihukumiwe. Ni ngumu hiyo?

Basi kaka zangu viongozi, kwa heshima zote, kwa sababu najua mnajitolea na hamlipwi, naleta maombi matatu.

La kwanza, futeni sheria ya skrinishoti. Anayetumia simu aonyeshe simu, anayetumia saa aonyeshe saa, asiye na kitu aandikwe na aliyekimbia naye. Tunajuana, hatufiki hata hamsini wanaoamka kweli alfajiri.

La pili, ramani zisitumwe kwenye grupu. Mkitaka namba, mtu ataje namba. Nyumba na njia za watu ziacheni.

La tatu, na hili ndilo kubwa: safari ya Mbeya isiamuliwe na daftari. Jumamosi hii, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, twendeni wote uwanja wa mpira. Simu zote na saa zote, yangu ikiwemo, ziwekwe kwenye beseni moja, rumeti wangu atazilinda. Tuzunguke uwanja mara 15. Uwanja ni mita 346, kwa hiyo ni mita 5,190, asiyeamini nitamletea tepu ya fundi apime mwenyewe. Mmoja ashike saa ya kusimamisha, wawili wahesabu mizunguko kwa sauti. Kumi wa kwanza waende Mbeya, wanaume na wanawake mgawanye sawa kama mlivyotangaza.

Kama yule binti atashindwa, nitakuja hapa hapa niandike kwamba nilikosea na niwaombe radhi kwa jina la kila mmoja wenu. Kama atashinda, namba yake kifuani mtambandika nyie wenyewe.

Nimeshamwambia. Ameuliza kitu kimoja tu, kama mizunguko 15 ndiyo yote.

Ni hayo tu kwa leo wadau. Tukutane uwanjani Jumamosi. Simu acheni bwenini, zinahitaji kulala.